UZI: Kukimbia baridi ya Marekani kwa trela – hifadhi za majimbo, gesi, maji, na makaratasi yetu wahamiaji

FundiLami

Wakuu, habari za majukumu. Kila Oktoba ikikaribia napokea ujumbe uleule: "Kaka, ni kweli mnafunga trela na kushuka kusini mpaka theluji iishe? Ni nafuu kuliko kodi ya nyumba?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, naandika hapa tusome wote.

Mimi na mama watoto tuko Minnesota. Kazi yangu ni ya lami. Ardhi ikiganda mitambo inafungwa, hakuna kazi mpaka majira ya kuchipua. Mwenzangu amestaafu unesi, watoto wanajitegemea. Hakuna sababu ya kukaa ndani miezi yote hiyo tukisikiliza hita ikinguruma.

Jibu fupi la swali la pesa: ni nafuu ukitulia, ni ghali ukizurura. Trela likisimama halili hela. Kinachokula ni kuhamahama. Pikapu ikivuta trela inakwenda kilomita nne, tano kwa lita, na upepo wa mbele pale Oklahoma ukiamua kukukomesha unapata pungufu ya hapo. Kutoka Minneapolis mpaka kusini mwa New Mexico ni zaidi ya kilomita 2,000. Hiyo ni kwenda tu. Kwa hiyo anayekuambia anaishi kwa bei ya bure huku kila wiki yuko jimbo jipya, muulize nani anamjazia mafuta.

Sasa hizi hifadhi za majimbo. Msichanganye na zile kubwa za taifa kama Yellowstone au Grand Canyon. Hizi zinaendeshwa na jimbo lenyewe, na kila jimbo lina bei zake na masharti yake. Unapata kiwanja chenye nafasi, meza ya nje, sehemu ya kuwashia moto, koki ya maji, plagi ya umeme, na mara nyingi bafu lenye maji moto. Jirani hachungulii sufuria yako kama kwenye kambi nyingi za binafsi ambako trela zimebanana. Ubaya ni kwamba nyingi haziruhusu kuzidisha usiku 14 mfululizo. Ukifika huo, unafungasha. Majira yote ya baridi unayapanga kwa vipande vya wiki mbili mbili.

Na vipande hivyo havingoji. Florida mkazi wa jimbo anaruhusiwa kuweka nafasi miezi 11 kabla, na tangu 2024 sisi wa nje tunaruhusiwa miezi 10 tu. Ule mwezi mmoja wa tofauti unatosha kabisa kumaliza viwanja vya Bahia Honda kule visiwani. Mgeni anaokota makombo ya walioghairi. Texas dirisha linafunguka miezi 5 kabla, maana yake kiwanja cha Januari unakigombania Agosti, wakati huku bado unatembea na ndala. Mimi Florida nilishaiacha. Nzuri, lakini presha yake sina umri nayo.

Texas kuna jambo wageni wengi hawalijui: juu ya ada ya kiwanja unalipa pia kiingilio cha kila siku kwa kila mtu mzima. Ukikaa wiki mbili watu wawili inauma. Nunua ile kadi ya mwaka ya dola 70, kiingilio kinafutika kwa wote mlio kwenye gari moja. Tunapopenda zaidi ni Goose Island, karibu na Rockport, kwenye ghuba. Kuna mwaloni pale unaokadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 1,000, na kimbunga Harvey cha 2017 kilipopiga eneo hilo ulibaki umesimama. Halafu kuna korongo weupe wanaoshuka kutoka Kanada, safari ya kama kilomita 4,000, wanakuja kukaa hapo Aransas msimu wote wa baridi. Mwaka 1941 kundi hilo lilikuwa limebaki na ndege wasiofika ishirini. Leo ni mamia. Mke wangu anakaa na darubini yake na chai ya tangawizi, humsemeshi.

New Mexico ilikuwa ndiyo mama wa wasio na hela. Miaka mingi mgeni alilipa dola 225 kwa kadi ya kambi ya mwaka mzima, akichomeka umeme anaongeza dola 4 kwa usiku. Mwaka 2025 viwango vikapandishwa. Kwa hiyo ukiona video ya mtu anasifia bei za New Mexico, angalia kwanza ilirekodiwa lini. Bado napapenda. Rockhound, karibu na mji wa Deming, ni hifadhi ya ajabu: kwingine ukichukua jiwe unapigwa faini, pale wanakuruhusu kuondoka na mawe mpaka pauni 15, kama kilo saba hivi. Wazee wanashinda mlimani na nyundo.

Mwisho, mwinuko. Watu wanaangalia ramani, wanaona "kusini", wanabeba kaptula. Kuwa kusini hakutoshi. Makambako iko kusini ya Dar, na aliyelala Makambako mwezi wa saba anajua. City of Rocks, hifadhi nyingine ya New Mexico, iko juu ya mita 1,500. Mchana unavua sweta, usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Ukitaka joto la kweli nenda pwani ya Texas, bonde la Rio Grande, au jangwa la chini la Arizona.

Maswali yaje, nitajibu nikipata mtandao.

MtotoWaLikoni

Naweka kambi hapa.

FundiLami

Siku 14 tu mkuu, kisha upishe wengine.

Bi_Shani

Kaka FundiLami shukrani. Swali langu ni hilo la usiku. Trela ni mabati na plastiki. Mnapataje joto, na maji hayagandi kwenye mabomba?

FundiLami

Dada Shani, hili ndilo swali la msingi kuliko yote, ngoja nitulie nalijibu.

Kwanza gesi. Huku ni propeni tupu, na hiyo inaendelea kugeuka mvuke mpaka baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Mitungi yetu ya nyumbani ina mchanganyiko na buteni, ambayo ikifika sifuri inalala usingizi. Kwa hiyo mtungi kugoma kwa baridi si tatizo. Tatizo ni kwisha. Mtungi wa pauni 20, ule wa kama kilo tisa, ukiachia hita ya gesi iunguze bila kupumzika haufiki saa 15. Bahati nzuri inawaka na kuzima, lakini usiku wa baridi kali utausikia ukipungua. Uwe na mitungi miwili, na usilale na mmoja ukiwa mtupu.

Watu wanasema basi nitatumia hita ya umeme, si umeme nimeshaulipia kwenye kiwanja? Sawa, ila piga hesabu. Plagi ya ampea 30 inakupa wati 3,600. Hita moja ndogo ni wati 1,500. Ukiwasha mbili umebakiza 600, mwenzako akiweka birika la chai tu, giza. Na kuna mtego mwingine ambao umewaliza wengi: trela nyingi zimetengenezwa hita ya gesi ipulize joto mpaka chini ya sakafu, yalipo mabomba na matangi. Hita ya umeme inakupasha wewe kitandani, kidhibiti joto kinaona chumba kiko vizuri, hita ya gesi haiwaki, na chini kule mabomba yanaganda taratibu wewe ukikoroma. Usiku wa barafu acha gesi ifanye kazi yake.

Maji sasa. Jioni wakitangaza chini ya sifuri, unajaza tangi la ndani, unafunga koki ya kiwanja, unafungua mpira wa maji, unaumwaga wote na kuuingiza ndani. Usiku unatumia pampu. Milango ya kabati chini ya sinki unaiacha wazi. Na valvu ya maji machafu ifungwe! Wapo wanaoiacha wazi ili maji ya kuoshea vyombo yateremke yenyewe. Yale matone yanaganda ndani ya bomba la nje, tone juu ya tone, asubuhi una nguzo ya barafu ya maji taka yenye urefu wa mita tatu. Jirani yetu mmoja pale Texas aliibeba begani kama bazuka akiitafutia jua.

MamaPilau_Dallas

😂😂 Bazuka!
Mimi nauliza la jikoni. Ugali unasongeka humo ndani? Na harufu ya vitunguu inaisha lini?

FundiLami

Mama Pilau, unasongeka vizuri sana, ila kila sufuria unayochemsha mvuke wake unakwenda kwenye dirisha, kwenye kuta, na chini ya godoro. Asubuhi madirisha yanalia machozi. Ukizembea, unainua godoro unakuta ukungu mweusi. Tunafungua tundu la paa kidogo hata kama kuna baridi, tunaweka kitu chenye matundu chini ya godoro hewa ipite, na tuna mashine ndogo ya kukausha unyevu. Vya kuchemka muda mrefu, maharage, makande, mchuzi wa kongoro, vinapikwa nje kwenye meza ya kiwanja. Pilau napo nje. Mara ya kwanza tunapopika pilau kwenye kambi mpya huwa tunapata wageni, wazee wa Wisconsin wanapita na mbwa wao mara mbili, mara tatu, mpaka mmoja anauliza.

Jambo moja ambalo sitalifanyia utani: JIKO LA MKAA HALIINGII NDANI. Wala ule moto uliobaki makaa tu. Februari 2021 Texas ilipoganda na umeme ukakatika, Dallas ilifika nyuzi 19 chini ya sifuri, na kuna watu walikufa majumbani si kwa baridi bali kwa gesi ya kaboni monoksidi, kwa sababu waliwasha majiko ya mkaa, jenereta na magari ndani ili wapate joto. Trela ni dogo kuliko nyumba. Kile king'ora cha ukutani kina tarehe ya kwisha muda, igeuze uisome.

DerevaWaMasafa

Mimi ni dereva wa malori, napita barabara kuu ya I-10 kila wiki. Naongeza ya barabarani kwa sababu nawaona sana ndugu zetu hawa wa trela wakiwa wameegesha pembeni na tairi limechanika.

Tairi la trela linazeeka kwa miaka, si kwa kilomita. Likikaa uani miaka saba linang'aa kama jipya, lakini limeoza. Ubavuni kuna herufi DOT, angalia tarakimu nne za mwisho: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3218 ni wiki ya 32 ya 2018. Hilo usisafiri nalo. Na tairi nyingi za trela zimetengenezwa kwa kasi isiyozidi maili 65 kwa saa. Mimi na lori langu nakwenda 65, mzee wa miaka sabini na trela lake ananipita!

Pili, upepo. Pale New Mexico, kati ya Lordsburg na mpaka wa Arizona, kuna bonde kavu, vumbi likinyanyuka huoni boneti yako. Wameweka vibao vya kuonya, viheshimuni. Ikikukuta: toka nje ya lami kabisa, zima taa zote, ondoa mguu kwenye breki. Ukiacha taa za nyuma zinawaka, anayekuja nyuma anadhani ndiyo barabara, anakufuata.

FundiLami

Hapo mkuu umemaliza. Nilikuwa nakungoja.

Mtaalam_wa_Sofa

Nimesoma mpaka hapa nikicheka peke yangu. Yaani mtu umetoka Tanzania, umepigania makaratasi miaka yote, umepata nyumba, halafu unaihama kwenda kulala kwenye gari porini na kumwaga choo chako mwenyewe kwa mpira. Nyumbani wakisikia watachangishana wakurudishe.

FundiLami

Mkuu, hoja yako naielewa, shemeji yangu aliniambia hivyohivyo, mpaka akatuma nauli 😄. Lakini kwa hapa tulipo mambo yako hivi: nikikaa Minnesota Januari nalipa gesi ya kupasha nyumba nzima, nasukuma theluji, na sitoki. Nikitoka, nyumba naiwekea joto la chini kabisa la kuzuia mabomba yasipasuke na kijana anapita kuangalia. Tofauti ndiyo inayolipa viwanja. Siyo utajiri, siyo umaskini.

Choo ukweli ni kwamba kinamwagwa. Glavu, kwanza tangi la choo, halafu tangi la maji ya kuogea lisafishe bomba. Dakika kumi. Umewahi kuzibua shimo la choo Mbagala masika?

Nesi_wa_Kandarasi

Mie ni Mkenya, Mombasa, nafanya unesi wa kandarasi za wiki 13 Texas na Arizona. Hifadhi hazinifai kwa kazi kwa sababu ya hizo siku 14, kwa hiyo kandarasi nakaa kambi ya binafsi nalipa kwa mwezi, na kati ya kandarasi moja na nyengine ndipo naingia hifadhini kupumua. Watu wa kazi za zamu msidanganyike, kuhama baada ya zamu ya usiku ni adhabu.

Na bima jamani! Mwenye bima ya soko, ile watu waiita Obamacare, mara nyingi mtandao wake wa hospitali ni wa jimbo lake. Ukiugua nje ya jimbo wapata dharura tu. Medicaid, ile ya wenye kipato kidogo, vilevile ni ya jimbo. Wazee wenye Medicare ya kawaida ndio wenye raha, hiyo yakubalika majimbo yote.

Bi_Shani

Na sisi tusio raia? Naogopa kusogea kule mpakani.

FundiLami

Dada, mimi si mwanasheria, nakupa yale ambayo yeyote akiuliza wakili ataambiwa.

Ukiwa na green card, sheria inakutaka uwe nayo mwilini wakati wote ukishatimiza miaka 18. Huku kaskazini tunaiacha kabatini. Kule kusini kuna vituo vya ukaguzi vya askari wa mpaka katikati ya barabara, ndani ya Marekani kabisa: Sierra Blanca kwenye I-10, Falfurrias kwenye njia ya 281, na kile cha kaskazini ya Las Cruces kwenye I-25. Huwezi kuvikwepa ukitoka bonde la Rio Grande na trela. Unasimama, anauliza uraia, unaonyesha kadi, unaendelea. Ambaye makaratasi yake bado yana utata, au kesi yake iko mahakamani, ushauri wangu ni Florida au Alabama, na aongee na wakili wake kabla ya kuwasha gari.

Anuani: asiye raia akihama makazi ana siku 10 za kuwajulisha uhamiaji kwa fomu AR-11. Sisi nyumba yetu ipo, hatujahama, tumesafiri. Lakini wapo wanaouza kila kitu na kujisajili South Dakota au Texas kwa anuani ya kupokelea barua. Kwa raia ni jambo la kawaida. Wewe unayengoja kuomba uraia, kumbuka wanataka uwe umeishi miezi 3 mahali unapoombea. Ukiwa hueleweki unaishi wapi, unajitengenezea maswali kwenye usaili. Subiri uapishwe, halafu uza nyumba.

Mexico: wastaafu wengi wanavuka kwa miguu kwenda kung'oa meno na kununua miwani. Kutoka hifadhi ya Pancho Villa pale Columbus unavuka kwenda Palomas, na kutoka Yuma ni Los Algodones. Mwenye green card Mexico hawamdai viza hata kama pasipoti ni ya kwetu. Mwenye hadhi ya ukimbizi au anayesubiri kesi yake ya kuomba ukimbizi asithubutu kuvuka, jino na liume.

MtotoWaLikoni

Pancho Villa huyu wa sinema?

FundiLami

Huyohuyo wa historia, jenerali wa mapinduzi ya Mexico. Machi 9, 1916 watu wake waliuvamia mji huo wa Columbus na kuuchoma, na leo jimbo limeita hifadhi kwa jina lake, kwenye ile kambi ya jeshi lililotumwa kumfukuza. Wamarekani nao.

Na kama unapenda historia, pale Quartzsite, Arizona, kuna kaburi lenye umbo la piramidi na ngamia juu yake. Aliyelala pale ni Haji Ali, mtu wa dola ya Uthmaniya, aliletwa miaka ya 1850 pamoja na ngamia ambao jeshi lilitaka kuwajaribu jangwani. Wenyeji ulimi uliwashinda, wakamwita Hi Jolly. Alifariki 1902. Kila tukipita mke wangu anashuka kumsomea Fatiha, na watalii wanadhani ni sehemu ya maonyesho.

Quartzsite yenyewe si hifadhi ya jimbo, ni ardhi ya serikali kuu. Kuanzia Septemba 15 hadi Aprili 15 kumekuwa na eneo la kukaa msimu mzima kwa dola 180. Hakuna plagi, ni sola yako na tangi lako. Nimeitaja kwa sababu ndiyo inayoziba mapengo ukikosa kiwanja kati ya hifadhi moja na nyingine.

KakaNaDada_Alabama

Sisi siku 14 tulizikwepa kwa kujitolea. Hifadhi nyingi zina nafasi za wenyeji wa kambi: mnafagia bafu, mnasafisha sehemu za moto, mnaelekeza wageni, saa ishirini na kitu kwa wiki, kiwanja na umeme bure kwa miezi kadhaa. Maombi yaende mapema, majira ya baridi kusini nafasi zinagombewa. Mwenye viza ya masomo au ya muda aulize kwanza, kiwanja cha bure kinaweza kuhesabika kama malipo.

Na Alabama msiidharau. Gulf State Park ina viwanja karibu 500, mchanga mweupe kama unga wa sembe. Januari si ya kuogelea, ila theluji husukumi.

Mtaalam_wa_Sofa

Haya wakuu, mmenishinda kidogo. Kuna jamaa hapa Iowa anauza trela la 2016, futi 24, anasema halina tatizo. Nitazame nini nikienda Jumamosi?

FundiLami

Karibu chamani 😄. Jikoni na makochi usiyatazame, hayo ndiyo waliyopiga picha. Omba ngazi, panda, angalia ile gundi nyeupe kuzunguka matundu ya paa kama imepasuka. Ndani bonyeza kwa kidole pembe zote za dari na ukuta, hasa kitandani na ndani ya makabati. Kidole kikizama, mbao zimeoza, aga kwa heshima uondoke, hata akikupunguzia nusu. Kanyaga sakafu mbele ya choo na mlangoni. Mwambie awashe hita ya gesi, maji moto na friji mbele yako, asikwambie gesi imeisha, nenda na mtungi wako. Soma namba za tairi kama Dereva alivyosema. Halafu angalia uzito ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa trela na ule wa gari lako, kwa sababu kama ni ile Toyota Highlander niliyoiona kwenye picha yako ya wasifu, hata haliondoki hapo uani.

Mtaalam_wa_Sofa

Ni Highlander.

FundiLami

Basi Jumamosi nenda na ngazi, kidole na mtungi, lakini acha hela nyumbani. Tuma picha za paa na za kibandiko hapa tuone kwanza.